Pima Miguu, Usipime Damu

Nyamirambo, Jumapili alasiri

Zuhura mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana uko chumba cha pili na nakusikia unabishana na mama yako juu ya lile blanketi. Chukua blanketi. Ukishindana na Aisha mpaka mwisho, utalikosa gari la kesho. Mengine ya safari, ya chakula, ya mpakani Rusumo, ya watu wa kujihadhari nao, ameshakwambia yeye mara tatu na mimi sitaongeza neno. Barua hii nitaitia chini ya nguo zako. Isome ukishafika Tabora kwa shangazi yako. Ukiisoma njiani utataka kunibishia, na mimi sitakuwepo.

Nataka nikueleze mwenyewe habari yangu na mwenyekiti. Mtaani unaisikia inavyosimuliwa: Ramadhani alikuwa mwalimu wa vijana wa klabu kubwa, akaingiwa na kiburi, akafukuzwa. Wewe ulikuwa mdogo bado. Ulichokiona ni baba anaingia nyumbani na viatu vya mpira begani, kisha haendi tena klabuni. Baba yako mdogo Hamisi anaposema familia hii imeshaumizwa na mpira mara moja, inatosha, anasema habari hiyohiyo. Sasa unakwenda kusomea ualimu wa michezo. Watoto watapanga mstari mbele yako, na wewe ndiye utakayesema huyu abaki, huyu arudi kwao. Kabla hujasimama mahali hapo, sikiliza ilivyokuwa kwangu.

Klabu ilinipa kazi ya kutafuta vijana baada ya goti langu kukataa kucheza. Mwenyekiti aliniombea pia kazi ya kudumu katika ghala la kahawa, ili tule. Kila Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ukiisha na watu wakishaweka majembe chini, nilikuwa naondoka kwa miguu kwenda viwanjani, Gikondo, Kicukiro, mpaka Gahanga kwenye ile nyasi ya ng'ombe. Nilikaa chini, mbali na washangiliaji. Anayefunga bao sikumwangalia sana, maana huyo kila mtu anamwona. Nilimwangalia ambaye mpira haujamfikia. Je, anageuza shingo kuona nani yuko nyuma yake, au amekodolea mpira macho kama mtu anayesubiri maharage yaive? Akinyang'anywa, anashika kiuno au anarudi kuutafuta? Na umri sikumwuliza mtoto hata siku moja. Niliwauliza mama zao: huyu alizaliwa kabla ya mvua ile iliyobomoa daraja, au baadaye? Kila timu siku zile ilikuwa na "mtoto" mwenye ndevu.

Nilijiona nina jicho. Na kweli nilikuwa nalo, sitajifanya mnyenyekevu mbele ya mwanangu. Lakini jicho lina maradhi yake, na maradhi hayo niliyajua siku alipokuja Monsieur Paul.

Alikuwa Mbelgiji, mwalimu wa shule, mrefu, shingo nyekundu kwa jua. Klabu ilimwomba anisaidie. Akaja na saa ya kupimia mbio, utepe na mfuko wa chaki. Akachomeka vijiti viwili kwenye nyasi, vijana wakawa wanakimbia kutoka kimoja hadi kingine huku yeye akibonyeza saa. Akawapaka chaki vidoleni, wakaruka na kugusa ukuta wa shule, naye akapima alama ilipofika. Ukuta ule ulijaa vidole vyeupe kama umepakwa na majini. Nilimcheka. Nikawaambia vijana kwa Kinyarwanda kwamba mzungu amekuja kuwashonea suti.

Kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Shabani, kutoka huku kwetu juu. Nilikuwa nimekwisha kumwondoa. Kwenye mechi alikuwa anatembea. Nikasema huyu mvivu, na uvivu hauna dawa. Monsieur Paul akamkimbiza kati ya vijiti vyake, akatazama saa, akaitikisa, akamkimbiza tena. Halafu akaniita.

"Rama, njoo ona. Hii iko kwanza ya wote."

"Saa yako imeharibika," nikamwambia.

"Saa hapana danganya."

Nikamwita Shabani nikamwuliza kwa ukali: kama una mbio hizo, kwa nini mechini unatembea kama bibi harusi?

Akaangalia chini. "Mwarimu, siku ya mechi asubuhi iko nabeba makaa toka Nyabugogo. Leo hakuna makaa."

Sikuwahi kumwuliza. Miezi mingi nilimtazama mtoto yule na jicho langu hodari, na nilichokiita uvivu kilikuwa gunia. Ndiyo maradhi ninayokwambia, Zuhura. Jicho linaona uchovu wa mtu, au njaa yake, linausoma kama tabia, kisha linamhukumu. Saa haina ujuzi huo wa kuhukumu, ndiyo faida yake. Tangu siku ile niliacha kuicheka. Tukampanga Shabani mechi za alasiri tu, na mama yake tukamwomba amwachie usingizi. Akawa winga ambaye mabeki walimkimbilia kabla hajapewa mpira.

Lakini saa nayo ilikuja kukosea, na aliyeikosesha alikuwa Gasore.

Huyu alitoka Gahanga, alikuwa anakuja mazoezini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kijana wa miaka kumi na mitano, mwembamba, mpole, mzito wa mbio. Kwenye vijiti alikuwa karibu wa mwisho. Ukutani vidole vyake vilikuwa chini ya vya wenzake wote. Monsieur Paul akamkata.

"Hii hapana mchezaji, Rama. Hii iko padri."

Tuligombana mbele ya vijana, yeye kwa Kifaransa na mimi kwa Kiswahili, kila mtu akijifanya haelewi la mwenzake. Mwisho nikamwomba kitu kimoja: aweke saa mfukoni, akae na mimi chini kwenye nyasi mechi nzima, amtazame Gasore peke yake. Akakubali kwa kununa. Tukakaa. Mpira ukipigwa mrefu, Gasore yuko pale unapoangukia. Mpinzani akitaka kupenyeza, Gasore ameshasimama njiani. Hakukimbia hata mara moja kwa nguvu, na hakuchelewa hata mara moja. Mechi ilipokwisha nikamwita.

"Unajuaje mpira unakwenda wapi?"

"Sijui, mwarimu." Akafikiri. "Naangaria mabega. Mutu kabla hajapiga, bega iko nasema kwanza."

Monsieur Paul akaomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka akatoa miwani. Gasore akabaki.

Hiyo ilikuwa miaka yangu mizuri, nakwambia kweli. Yeye na saa yake, mimi na nyasi zangu, tukigombana kila wiki, na kila mmoja akimwokoa mwenzake na ujinga wake. Tukapata timu ya vijana ambayo watu wazima waliacha biashara kuja kuitazama. Kisha ukaja mwaliko wa mashindano ya Bujumbura, na mwenyekiti akaniita ofisini kwake nyuma ya duka.

Alinikaribisha vizuri. Akaagiza Fanta. Alikuwa mtu wa heshima, hakupaza sauti hata siku moja.

"Timu iko nzuri, Rama. Iko nzuri sana. Iko na shida moja tu."

"Shida gani, mwenyekiti?"

Akanitajia majina matatu. La kwanza lilikuwa la Gasore.

"Wamefanya kosa gani?"

"Unajua."

"Sijui."

Akavuta pumzi kama mtu anayechoshwa na mtoto. "Kaangalie vitambulisho vya baba zao."

Hapo nikajua. Kila baba nchini hapa anatembea na kadi mfukoni, na kwenye kadi pameandikwa kabila lake. Vijana wale watatu walikuwa wa kabila moja, na wakubwa walikuwa wameona wamezidi. Jina lenyewe la kabila sitaliandika, barua hii inapita mpakani na wewe unalijua. Ni hesabu ileile ya shuleni, inayomwacha nyumbani mtoto aliyefaulu kwa sababu wa kwao wameshatosha.

"Wewe Mswahili," akaniambia kwa upole kabisa. "Baba yako alitoka Tabora na mizigo yake. Mambo haya ya Wanyarwanda hayakuhusu. Toa watatu, weka watatu. Watoto wenyewe hawatajua."

Hapa ndipo nitakapokutajia mama yangu, bibi yako Mukandori, ambaye hukumwona. Alizaliwa mlima wa pili kutoka Gahanga. Aliolewa na msafiri Mwislamu, watu wa kwao wakamwita Mswahili tangu siku ile, kama vile ukoo unavuliwa kama kanga. Alipokuwa msichana walikuja wazungu mlimani kwao na chuma chenye mikono miwili, wakawapanga watu mstari. Alikuwa akinisimulia huku anamenya viazi. "Walinipima pua, wakanipima kichwa, wakaandika. Jina hawakuniuliza." Nilipokuwa mtoto nilikuwa nacheka kwa ajili ya pua. Mle ofisini, na ile Fanta mkononi, sikucheka.

Nikavua filimbi shingoni nikaiweka mezani.

"Mwenyekiti, vijana hawa nimewapima mimi miguu, na mzungu amewapima kwa saa. Kama unacho kipimo kingine, shika filimbi ukawapime mwenyewe."

Akaisukuma filimbi kunirudishia. "Usifanye ujinga, Rama. Una mtoto."

"Ndiyo maana," nikamwambia, nikatoka.

Sitakudanganya kwamba nilitembea kama shujaa. Nilifika msikitini tu, nikakaa ukutani kama mgonjwa. Baadaye nikaenda kwa Monsieur Paul nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, uso umemwiva. Akasema, "Mi iko mgeni hapa, Rama." Nikamwambia, na mimi leo nimeambiwa ni mgeni. Alinipa mkono, tukaachana pale mlangoni. Sikumtukana, wala sikumtetea, na hata leo sijui ningefanya lipi kati ya hayo.

Kwa Gasore nilikwenda mwenyewe. Sikutaka jambo hili alisikie uwanjani. Nilimkuta na baba yake uani, mama yake akaniletea maziwa, nikashindwa kuyanywa. Nikasema timu itakwenda Bujumbura bila yeye, na mimi si mwalimu tena.

Kijana akaniuliza, "Ni kwa sababu ya mwendo wangu, mwarimu? Naweza kuongeza mwendo."

Kabla sijafungua mdomo, baba yake akasema bila kuniangalia, "Mwambie ni mwendo."

Nilimwelewa, Zuhura. Mwendo mtu anaweza kuuongeza. Sababu ile nyingine mtoto akishaijua, atalala nayo kila siku ya maisha yake. Na kuna hatari pia, kijana mwenye hasira husema maneno, na maneno humfikia mtu. Yule baba alikuwa anamlinda mwanawe kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Lakini mimi ndiye niliyempima. Singeweza kumwacha mtoto yule aamini kwamba kipimo changu ndicho kilichomkata.

"Si mwendo wako," nikamwambia. "Katika vijana wote niliowahi kuchagua, hakuna anayekuzidi. Waulize wakubwa kwa nini, lakini usiiulize miguu yako."

Baba yake akanyanyuka akaingia ndani. Miaka mingi alikuwa akiniona sokoni anageuza uso.

Timu ilikwenda Bujumbura, na unajua nini? Ilishinda. Walirudi na kombe, wakapita barabarani hapa kwetu na ngoma, Shabani amebebwa juu. Nilisimama mlangoni nikampigia makofi, maana alistahili. Jirani mmoja akaniambia, "Umeona? Hata bila wale watatu." Nikamwambia nimeona. Kombe ni kombe. Hata wangeleta makombe kumi, yale majina matatu yalikuwa ya timu ile.

Kazi ya ghala nayo ikaondoka, kama ulivyotarajia. Mwaka ule tulilishwa na cherehani ya mama yako na mkono wa Hamisi. Lijue hili: Hamisi huyuhuyu anayekusumbua leo alileta unga nyumbani hapa kila wiki, hakusema neno. Mama yako alisema neno moja tu. Alinikuta nimekaa kitandani, akaniambia, "Filimbi umeiacha. Sawa. Mdomo unao." Siku ya pili nikashuka kwenye kile kiwanja cha mawe chini ya soko, nikatia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi, watoto wakaja. Mpaka leo wanakuja, na sijawahi kumwuliza mmoja wao kadi ya baba yake.

Gasore hakuwa nyota. Nakwambia hili kwa sababu hadithi za namna hii watu hupenda ziishe kwa mchezaji kuitwa Ulaya. Ni mwashi, anajenga nyumba za watu hukohuko Gahanga, ana mke na watoto, anacheza Jumapili na wenzake. Juzi wamenicheka tena mtaani: ulipoteza kazi mbili kwa ajili ya mwashi. Ndiyo. Ningezipoteza tena kesho asubuhi. Mwaka jana alinikuta njiani, mikono imejaa saruji, akanishika bega akasema, "Mwarimu, usingeniambia ukweri siku ile, mpaka leo ningekuwa nakimbia mlimani alfajiri, natafuta mwendo." Baba yake alikuwa nyuma yake. Safari hii alinisalimia.

Sasa wewe. Mtu asikudanganye kwamba nimekusukuma mimi. Sikukusukuma. Nakumbuka siku ile shuleni kwenu, wasichana wanacheza mpira wa mikono, mimi nimekaa namsifu yule mrefu aliyefunga mara nyingi. Ukaniinamia sikioni.

"Baba, huyo anacheza tukimwangalia. Mwangalie yule wa pembeni. Yeye anacheza hata watu wakigeuka."

Nikageuka makusudi, nikachungulia. Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, jicho limehama, limekwenda kwa mtoto wa kike, na mtu asilizuie.

Hamisi anataka kulizuia. Jumanne ulikuwa kisimani, hukuyasikia yote. Alikuja na wazee wawili, akakaa, akakataa chai.

"Kaka, msichana wa Kiislamu atavaa filimbi shingoni, asimame kupima watoto wa watu wanavyoruka? Nani atamwoa?"

"Atakayetaka kumwoa atakimbia kwanza," nikamwambia, "Zuhura amtazame."

Mama yako alicheka jikoni mpaka akaangusha mwiko. Wazee nao wakajificha nyuma ya kofia zao. Hamisi hakucheka. Akasema anaogopa, na hapo nikaacha mzaha, maana aliogopa kweli. Ameniona nikianguka na hataki kukuona na wewe ukianguka. Usimchukie. Ukishaisoma hii, mwandikie yeye kabla ya kuniandikia mimi. Lakini usimtii.

Utakosea, mwanangu. Utamkata mtoto mzuri kwa sababu siku hiyo alikuwa na homa, utamchukua mbaya kwa sababu alikufurahisha. Makosa hayo yasikuondolee usingizi, rudi umtafute uliyemkata, umtazame tena. Saa itakudanganya, jicho litakudanganya, ndiyo kazi yenyewe. Ninalotaka ulifungulie macho ni jambo jingine. Siku moja mtu mwenye adabu atakuita ofisini, atakuagizia soda, atakwambia timu yako ni nzuri ila ina shida moja. Huko Tanzania nasikia hawaandiki kabila kwenye kadi. Vizuri. Lakini watu hawakosi cha kuandika. Itakuwa dini, itakuwa mkoa, itakuwa mtoto wa nani. Atakwambia haikuhusu, wewe ni mgeni. Atakwambia kwa upole, na upole wake ndio utakaokuponza usipojiandaa.

Usibishane naye sana. Mwambie hapana, usimame, uondoke.

Ukirudi nyumbani kwa sababu umeshindwa masomo, nitakasirika, na mama yako utamkuta barabarani, akugombeze yeye kwanza, mimi nisubiri zamu yangu. Lakini ukirudi kwa sababu umefukuzwa kwa neno hilo moja, usije na gari la usiku kama mwizi, wala usijifunike kanga usoni. Shuka pale sokoni mchana, watu wote wakuone. Nitakuja mwenyewe kukupokea, nitakubebea begi kichwani barabara nzima ya Nyamirambo, na yeyote atakayeuliza mtoto amefukuzwa kwa nini, nitasimama nimweleze, hata kama tutafika nyumbani kesho yake.

Baba yako,
Ramadhani